Bega Ndilo Linalochagua Bunduki

Vijana wanaojiandaa kuwa wawindaji bingwa, yaani wale wanaoongoza wageni wanaolipia kuwinda, huniuliza swali moja kwa namna nyingi: kama ni bunduki moja tu ya kazi zote za porini, ichukuliwe ipi? Wanategemea nitaje kitu kizito, chenye risasi nene kama kidole gumba, kwa sababu hadithi za nyati wamezisikia tangu utotoni. Nikijibu 375, yaani bunduki ya risasi yenye kipenyo cha inchi 0.375 (416 na 458 nazo husomwa hivyohivyo), naona baadhi yao wananyong'onyea. Risasi ya mwaka 1912? Si ndiyo hiyohiyo waliyokuwa nayo wazungu wa enzi za Tanganyika?

Ndiyo hiyohiyo. Zamani niliitaja kwa kuwa wakubwa wangu kazini walikuwa wakiitaja. Siku hizi naitaja kwa sababu ya kukaa miaka mingi kando ya wageni wanaojaribu bunduki zao siku ya kwanza kambini, nikitazama kope zao kuliko ninavyotazama karatasi ya shabaha.

Utaratibu huo upo karibu kila kitalu cha uwindaji. Mgeni akishatua, kabla hajaonyeshwa hata unyayo wa ngiri, anapelekwa kando ya kambi kupiga shabaha. Sababu inayotajwa ni kuhakikisha darubini ya bunduki haikugongwa safarini, na ni sababu ya kweli. Lakini mwindaji bingwa anayejua kazi yake anakagua mtu. Mwenye 375 hupiga mbili tatu, anasogeza darubini kidogo, anaomba nyingine. Mwenye mzinga wa kutisha hupiga moja, anashusha bunduki, anasema, "Inatosha." Hilo neno ndilo linaloninyima usingizi, maana kesho yake nitaingia naye kwenye matete.

Tuanze na hesabu, kwa sababu kwenye jambo hili watu hupiga porojo sana. Risasi ikienda mbele, na moto wa baruti ukaifuata, bunduki hurudi nyuma kwa msukumo uleule; hilo ndilo teke. Msukumo huo hauangalii bei ya bunduki wala ujasiri wa mpigaji. Kinachoupoza ni uzito wa bunduki: ipunguze uzito nusu, na nishati ya teke inakuwa maradufu. Bunduki ya 30-06 yenye kilo 3.8, ikirusha risasi ya gramu 11.7, hurudi na jouli 26 hivi. 375 H&H ya kilo 4.3, risasi ya gramu 19.4, hurudi na jouli 50. 416 Rigby ya kilo 4.5 inapita 70. 458 Lott ya uzito huohuo inakaribia 90. 460 Weatherby inavuka 120. Ukitaka kupata picha, jouli 50 ni mfuko wa unga wa kilo tano ulioachiwa kutoka urefu wa mita moja. Lott ni mfuko wa kilo tisa kutoka urefu huohuo.

Jouli peke yake haisemi yote. Kasi ya bunduki inaporudi nayo ina maneno yake. Bunduki ya mitutu miwili ya 470 Nitro Express, yenye kilo tano, hukusukuma. Unayumba na mwili mzima, kisha unasimama. Weatherby inakuja begani kwa karibu mita saba kwa sekunde, na inakwisha kabla hujajua imeanza. Nimewaona wanaume wenye mabega ya wapiga makasia wakiiogopa hii ya pili na kuizoea ile ya kwanza.

Mwili una akili yake. Ukishapigwa vya kutosha unaanza kujihami kabla ya tukio: jicho linafumba, bega linajitupa mbele, kidole kinakipora kifyatulio badala ya kukikamua taratibu. Risasi inaangukia chini, mara nyingi na pembeni. Kwenye karatasi ni sentimita kumi au ishirini za aibu. Kwa nyati ni risasi ya tumbo, na risasi ya tumbo ni saa nyingi za kufuata damu kwenye kichaka, msoma nyayo akiwa mbele yenu nyote na fimbo mkononi. Ndiyo maana napenda kumwomba mgeni ruhusa nimchanganyie risasi za bandia na za kweli kwenye magazini. Kifyatulio kikilia "tik" bila mlio, mdomo wa mtutu husema kila kitu. Kama umetulia, tuko pamoja. Kama umechovya chini kama mjusi, tunaongea.

Na wala si udhaifu wa watu wa siku hizi. Frederick Selous, yule aliyezikwa Beho Beho alikouawa Januari 1917 akipigana na Wajerumani, ambaye pori letu kubwa la kusini lilibeba jina lake lote hadi sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870 akiwa na magobore ya kaliba 4. Namba hiyo maana yake ni risasi nne kwa ratili moja. Kila moja gramu 113, nyuma yake konzi la baruti nyeusi. Alikuwa kijana, mwenye nguvu, na alipata tembo wengi. Baadaye aliandika kwamba kipigo cha bunduki zile kilimharibia mishipa ya fahamu na kuathiri ulengaji wake kwa miaka iliyofuata. Selous mwenyewe! Halafu mtu anayefanya kazi ofisini mwaka mzima, anayepiga risasi chache kwa mwaka, anataka kuniambia teke halimsumbui.

Turudi kwenye 375. Holland & Holland wa London walipoitoa mwaka 1912 walipata kitu ambacho nadhani hata wao hawakukijua ukubwa wake. Risasi ya gramu 19.4 hutoka kwa mita 770 kwa sekunde hivi. Ile nyepesi kidogo, ya gramu 17.5, hutoka kwa 820, na njia yake angani inafanana na ya 30-06 ambayo watu huitumia kwa swala. Ukiiweka ipige katikati kwenye mita 200, ikifika 300 itakuwa imeshuka shubiri moja na kidogo. Sasa chukua 458 Winchester na risasi yake nzito, uiweke sawa kwenye mita 100: ikifika 200 tu imeshashuka zaidi ya shubiri. Yule pofu aliyesimama ng'ambo ya mbuga, mita 230, upepo ukiwa mbaya kwa kusogelea, kwa mwenye 375 ni mnyama wa kulengwa. Kwa mwenye 458 ni mnyama wa kupigwa picha.

Kuna jambo jingine ambalo wapishi wa kambini wanalijua kuliko wauza bunduki. Kaliba ndogo yenye kasi kali humchakaza pala. Bega zima linakuwa damu iliyoganda, la kutupwa. 375, kwa kuwa risasi yake ni nzito na kasi yake ni ya wastani, huingia na kutoka, na nyama karibu na tundu inalika. Ukitumia risasi ngumu isiyochanua, hata pongo mdogo unamrudisha akiwa mzima. Isitoshe, bunduki nyingi za 375 hazina kiburi cha kuchagua risasi: ile laini inayochanua na ile ngumu ya kupenya mfupa huangukia karibu mahali pamoja, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na laini kwenye chemba na ngumu chini yake, akakutana na nyati bila kuanza kufikiria upya analenga wapi.

Na sheria inaitambua. Kwetu Tanzania, kwa tembo na nyati, 375 ndiyo mlango. Chini ya hapo huruhusiwi.

Hapo ndipo ninapoionea huruma 9.3x62. Otto Bock, fundi wa Berlin, aliitengeneza mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi wa Kijerumani waliokuwa wakienda makoloni ya Afrika, yaani pamoja na huku kwetu. Ilikaa kwenye Mauser 98 ya kawaida, bunduki ya Kijerumani, bila kudai bolti (komeo la kukokia) ndefu ya gharama, ikarusha gramu 18.5 kwa mita 720 kwa sekunde hivi, na teke lake halifiki jouli 40. Mkulima mmoja, bunduki moja, kuanzia digidigi hadi mnyama anayekanyaga shamba. Leo inakosa mlango kwa sehemu ndogo ya milimita: kipenyo chake ni 9.3, cha 375 ni 9.5. Nyati hajui tofauti hiyo, na sidhani mtu yeyote aliyepasua nyati akatazama njia ya risasi angeweza kuapa ni ipi kati ya hizo mbili iliyopita. Lakini mstari lazima uchorwe mahali, na ukiuchora kwenye 9.3 kesho atakuja mtu na kitu cha milimita 9 akidai huruma ileile. Kwa hiyo tunayo kaliba iliyobuniwa kwa ajili ya ardhi kama hii, na kwa nyati wa ardhi hii hairuhusiwi. Kwa kongoni na kuro sijaona nzuri kuliko hiyo.

Kundi la inchi 0.400 na ushee ndilo linalonivutia zaidi, na ndiko wauza bunduki wanakochanganya watu. Kampuni ya John Rigby walitoa 416 yao mwaka 1911. Ganda lake linalobeba baruti ni kubwa mno kuliko kazi linayofanya, na kuna sababu. Enzi hizo Waingereza walitumia baruti ya kordaiti, ambayo joto likipanda, shinikizo lake nalo linapanda. Bunduki iliyofanya vizuri London ikifika kwenye jua la Oktoba la nchi za joto, ganda lilinasa kwenye chemba, bolti ikagoma kufunguka. Na anayegomewa na bolti mbele ya tembo hana cha kufanya ila kutafuta mti. Rigby wakaipa baruti nafasi ya kutosha ili shinikizo likae chini. Baruti za siku hizi hazina tabia hiyo kwa kiwango kile, ndiyo maana Remington mwaka 1988 waliweza kutoa 416 yao inayofanya kazi ileile kwenye ganda jembamba zaidi. Zote mbili hurusha gramu 25.9 kwa mita zaidi ya 700 kwa sekunde, zina masafa ya kutosha kwa pofu, na zinamvunja nyati bega upande hadi upande. Teke lake ni mara moja na nusu ya 375. Mtu anayepiga mara kwa mara analimudu. Anayepiga likizo hadi likizo, hapana.

Kisha kuna 404 Jeffery, ambayo nadhani ilidharauliwa kwa sababu haikuwa na hadithi za kifahari. Ilikuwa bunduki ya kazi. Idara za wanyamapori za Tanganyika na Kenya ziliwapa maofisa na askari wao kufukuza tembo mashambani, na watu wale hawakuwa wageni wa kulipa. Walikuwa watumishi waliotakiwa kupiga wiki hadi wiki. Risasi yake ni ya gramu 25.9 ileile, ila ya zamani ilikwenda kwa mita 650 tu. Matokeo yake, teke lake liko karibu sana na la 375. Ukinipa 404 ya zamani yenye ganda la kiwango cha zamani, na kazi ya kulinda mashamba ya vijiji, sitaomba nyingine. Kwa swala wa mbali, ingenitesa.

458 Winchester ina historia ya kuchekesha na kusikitisha. Ilitoka mwaka 1956, wakati bunduki za mitutu miwili za Uingereza zilikuwa na bei ya nyumba na risasi zake zikianza kuadimika. Winchester walilifupisha ganda la 375, wakalipanua mdomo, wakaahidi nguvu ya 470 ndani ya bunduki ya kawaida ya bolti. Bei iliwezekana, na ikaenea kila mahali. Hata leo ukitaja bunduki ya tembo kwa askari wanyamapori, anafikiria 458. Shida ilikuwa kwamba ganda lile lilikuwa fupi kwa kazi iliyoahidiwa. Baruti ilibanwa ndani hadi ikashikana, na baada ya kukaa muda mrefu kwenye joto ikaungua vibaya. Risasi zikawa zinatoka polepole kuliko maandishi ya kwenye sanduku. Mwaka 1959 Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati nchini Msumbiji, bunduki yake ikiwa 458 hiyo. Alitoka hai, na mwaka 1971 akaja na ganda refu zaidi linalobeba jina lake, likirusha gramu 32.4 kwa mita 700. Baruti za kisasa zimeitibu Winchester maradhi yale, kwa hiyo anayeitukana leo anaitukana kwa makosa ya babu yake. Ila Lott ina jambo moja la ukarimu: chemba yake inapokea risasi za Winchester bila tatizo. Unafanya mazoezi na ile ya upole, unaingia kichakani na ile kali.

Nikifika hapa kijana mmoja lazima ataniletea Bell. Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa 7x57, risasi ya gramu 11 isiyofika hata nusu ya nguvu ya 416. Je, si ushahidi kwamba kaliba haina maana? Ni ushahidi wa jambo hilohilo ninalolisema tangu mwanzo, kwamba bunduki isiyokuumiza inakuacha ulenge. Bell alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo uko wapi kutoka kila pembe, na bunduki yake haikumpa sababu ya kufumba jicho. Lakini alichagua tembo wake, mahali pake, wakati wake, kwenye nchi ya wazi na makundi ambayo hayakuwa yamezoea kuwindwa. Hakuwa analipwa kuingia kichakani kumfuata nyati aliyejeruhiwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo kazi zinapogawanyika. Mgeni ndiye anayepiga risasi ya kwanza. Ana muda, ana fimbo tatu za kuegemea, ana mtu anayemnong'oneza asubiri mnyama ageuke. Anachohitaji ni kuitua risasi mahali pake, kisha kukoki haraka na kuitua ya pili. Kwenye ya pili 375 inawashinda wakubwa wake: mdomo wa mtutu haurushwi mbinguni, jicho halipotezi mnyama ndani ya darubini, mkono uko kwenye bolti tayari. Wenye mizinga mara nyingi wanapiga moja nzuri halafu wanatumia sekunde mbili kurudi duniani, na nyati ndani ya sekunde hizo anakuwa ameshaingia matete. Mwindaji bingwa kazi yake ni nyingine kabisa: kumsimamisha mnyama anayekuja, hatua kumi na tano, bila kuegemea, bila kuchagua pembe. Hapo sitabishana na mwenye 458 au 470. Gramu 32 zikigonga, hata zisipopata ubongo, zinampunguzia mnyama ari. Tatizo ni mgeni anayemwona mwindaji bingwa na mzinga wake, akadhani ndiyo bunduki ya wanaume, akaenda kununua kama hiyo.

Teke linapungua, lakini dawa nyingine zina madhara. Breki ya mdomo wa mtutu inapunguza sana, na inahamisha ubaya wote kwenye masikio ya walio pembeni. Wasoma nyayo niliofanya nao kazi wanaichukia, na kwenye kikosi changu inafunguliwa kabla ya kuingia porini. Kitako kilichonyooka, chenye mpira mzuri na urefu unaoendana na mkono wako, kinafanya kazi kubwa kimya kimya. Uzito unasaidia, ila bunduki ya kilo tano na nusu ni ya kubebewa, na bunduki ya kubebewa haipo mkononi inapohitajika. Darubini iwe na nafasi ya sentimita tisa au kumi kutoka jichoni. Alama ya mwezi mwandamo juu ya nyusi nimeiona kwa watu wengi, na karibu wote walikuwa wamekaa, wakipiga wakiwa wameinamia meza. Kupiga ukiwa umekaa ndiko kunakoumiza zaidi, kwa kuwa mwili hauna pa kwenda. Weka bunduki sawa ukiwa mezani, na mfuko wa mchanga kati ya kitako na bega, risasi chache tu. Mazoezi yaliyobaki fanya umesimama kwenye fimbo. Na mengi yafanye kwa bunduki ndogo.

Mwisho kuna suala la mkoba wa risasi uliobaki uwanja wa ndege. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo tano za risasi, nazo husafiri mbali na bunduki, kwa hiyo hupotea. Mwenye 375 H&H anaazima kambini jioni ileile. Mwenye 458 Winchester naye atapata. 375 Ruger ya mwaka 2007 ni kazi nzuri ya kihandisi, haina mkanda kwenye kitako cha ganda, inakaa kwenye bolti ya urefu wa kawaida, na kwa nguvu inalingana na Holland au kuipita kidogo. Ila mkoba wako ukipotea, utakaa kambini ukisoma magazeti.

Mimi nabeba 416 Rigby, kwa sababu nimeizoea na kwa sababu kazi yangu ni ile ya hatua kumi na tano. Ina vilengeo vya chuma tu, na kwa mwezi mzima inaweza isilie hata mara moja. Pala wa jikoni napiga kwa 375 ya kambi, ambayo kitako chake kimefungwa kwa waya wa shaba tangu kabla sijaajiriwa.